Kona Haikuwekwa Bure

Safari ya matatu kutoka Voi kwenda Wundanyi ni ya kupanda tangu mwanzo, ila nusu yake ya kwanza humficha abiria jambo hilo. Mji wa Voi uko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara inakatiza nyika ya udongo mwekundu, migunga na mkonge mpaka Mwatate, na mtu hushuka pale kunyoosha miguu bila kujua kwamba ameshapanda zaidi ya mita 200. Baada ya Mwatate ndipo milima inapojitambulisha. Kwa kilomita kama 15 lami inapinda kushoto, inapinda kulia, inapita Dembwa, mwamba upande huu na bonde la migomba upande ule, hadi Wundanyi iliyo karibu mita 1,400, ambako mtu wa Voi huanza kutafuta sweta. Na hapo bado kilele cha Vuria kiko juu yako, kwenye mita 2,208.

Wengi wameijua njia hiyo wakiwa wamekaa kwenye kiti, vichwa vimegemea dirisha. Mimi nimeijua kwa baiskeli, tena si kwa lami peke yake. Nimeteremka kwa vijia vya miguu vinavyoporomoka kwenye makorongo kati ya shamba na shamba, vijia ambavyo watu wa Dawida, yaani wa milima hiyo, walikuwa wakivipita kabla gari halijafika huko. Vilinifundisha jambo moja ambalo limenifaa hata kwenye shughuli zisizo na magurudumu: kona ya njia haikuwekwa bure, na anayetaka kuinyoosha sharti aanze kwa kuuliza iliwekwa kwa nini.

Nilikulia Voi, mtaa wa Mwakingali, na baiskeli ya nyumbani ilikuwa Black Mamba: chuma kizito, hakina gia, keria yake inabeba mitungi miwili ya maji na mtoto juu. Breki zake hazikuwa za waya. Zilikuwa vyuma vinavyovuta raba mbili zikabane rimu, na rimu ikilowa, raba zilisugua kwa adabu tu huku baiskeli ikiendelea na safari. Voi jambo hilo halikutusumbua. Nchi ni tambarare. Ukitaka kusimama unaacha kukanyaga, vumbi linamaliza kazi. Milima tuliiona kila siku, Sagalla kusini na Dawida magharibi, ikiwa imevaa mawingu asubuhi. Kwetu ilikuwa mahali mboga zilikotoka: kabichi, sukuma wiki na nyanya zilizoteremshwa sokoni, na wauzaji waliosalimiana kwa Kidawida kabla ya kutugeukia kwa Kiswahili.

Aliyenitoa kwenye tambarare alikuwa fundi mwenye kibanda chini ya mwarobaini, karibu na soko. Alizaliwa milimani, akashuka Voi kutafuta riziki, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kunyoosha rimu za Black Mamba. Kisha zikaanza kuingia kutoka Mombasa baiskeli za mitumba zenye gia, tairi nene zenye meno na breki za waya. Alinunua moja iliyokuwa imekatika fremu, akaichomelea, akawa anapanda nayo kwao Jumapili baada ya ibada. Siku moja alinikuta nimeikodolea macho nyingine aliyokuwa akiiunda.

"Wewe unaweza kutembea?" akaniuliza.

Nikamwambia, fundi, tangu lini nikawa kiwete?

"Siulizi kutembea Voi. Nauliza kutembea mlimani, huku unaisukuma hii."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na hakuwahi kumwondolea mtu. Njia usiyoijua huiteremki kwa baiskeli mpaka uwe umeipanda kwa miguu. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Fundi alikuwa akidai kwamba wahenga hao waliishi Voi, si Dawida. Nyikani ukipotea unachelewa. Kwenye korongo ukipotea unaokotwa.

Basi tulipakia baiskeli juu ya matatu hadi Mwatate, tukaacha lami, tukaingia kwenye kijia. Kilipanda kwa ukali ambao nilihisi kwanza kwenye ndama za miguu, kisha kifuani. Mashamba yalikuwa yamepandana kwa matuta: mahindi, maharagwe, mihogo, mwembe mmoja mmoja, na kadiri tulivyopanda migomba ilizidi na hewa ikapoa. Tuliokutana nao walitusalimu, "Kwawuka mana?", na wakaiangalia mizigo yetu ya chuma kwa huruma. Mtu mwenye baiskeli anayetembea ni kichekesho kila mahali.

Kwenye kila kona fundi alisimama. Nilifikiri anapumzika, kumbe anafundisha. "Kwa nini njia imepinda hapa?" anauliza, halafu anakaa kimya mpaka umjibu.

Kona ya kwanza niliipata. Mbele yetu palikuwa na jabali kubwa jeusi, na mtu yeyote angelizunguka. Lakini njia ilipita juu yake, ambako ni mbali, badala ya chini yake, ambako ni karibu. Fundi alinionyesha ukoka uliolala upande mmoja chini ya jabali: mvua ikinyesha, maji yote ya ubavu ule hukusanyika hapo. Waliopita zamani walichagua hatua nyingi zilizo kavu, wakaacha chache zenye utelezi.

Kona ya pili ilikuwa ya mfereji. Milima ya Taita ina mifereji ya zamani inayochukua maji ya vijito na kuyatembeza kando ya mlima hadi mashambani, na watumiaji wake wana zamu na kanuni za kugawana. Njia ilifuata ukingo wa mfereji hatua kadhaa, ikaukatiza mahali ambapo mawe yalikuwa yamepangwa, si kabla ya hapo. Ukiukatiza popote unapotaka unabomoa ukingo, na shamba la mtu wa chini linakosa maji siku ya zamu yake.

Kona ya tatu sikuiweza. Njia ilikuwa nyoofu na nzuri, mara ikakwepa kijisitu cha miti mirefu ya kale, ikakizunguka kwa heshima kubwa kuliko ukubwa wake. Hapakuwa na mwamba wala maji. Fundi aliteremsha sauti akasema hiyo ni fighi. Wadawida walikuwa na misitu midogo ya namna hiyo, mahali patakatifu pa kulinda nchi na watu wake, pasipokatwa kuni wala kulishwa mbuzi. Siku hizi wengi ni Wakristo, wapo na Waislamu, na mafundisho ya fighi hayana nguvu ya zamani. Hata hivyo njia imebaki na adabu yake. Miguu imeendelea kuzunguka ingawa vinywa havisemi tena sababu.

Kona ya nne ilinishangaza kuliko zote kwa sababu ilionekana kama uvivu. Mahali pakali kabisa njia ilitoka pembeni, ikalala sawa kwa mapana ya chumba, ndipo ikaendelea kupanda. Kando yake palikuwa na jiwe lililofika kifuani. Mama mmoja alikuwa amesimama pale, mzigo wake wa kuni umekaa juu ya jiwe, yeye amenyoosha shingo. Hakuwa ameutua chini, kwa hiyo hatahitaji mtu wa kumtwika. Nikaelewa bila kuulizwa. Kona ile ilikatwa na mtu aliyewahi kubeba.

"Shikamoo mama," tukamwambia.

"Marahaba wanangu. Na hizo mnazisukuma mpaka wapi?"

Fundi akamjibu kwamba tunazisukuma hadi juu ili tushuke nazo. Akatutazama kwa muda. "Mnapanda ili mshuke," akasema, na akacheka mpaka kuni zikatikisika.

Kuteremka kwenyewe nisingeweza kukusimulia kama mbio. Ukiwa na baiskeli kwenye kijia chembamba, korongo upande wa kushoto, akili haina nafasi ya kufurahia kasi; furaha huja baadaye, ukiwa Mwatate na soda mkononi. Fundi alinifundisha nisikalie tandiko, nisimame juu ya pedali zilizolingana, mgongo nyuma, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Macho yasitazame gurudumu. Yatangulie mpaka mwisho wa kona, kwa maana baiskeli huenda unakotazama, na anayetazama korongo atafika kwenye korongo. Na breki zishikwe kabla ya kona. Ndani ya kona ni kuchelewa: tairi lililobanwa likakwama haliongozeki, huteleza tu linakotaka.

Nilichogundua mara moja ni kwamba mafundisho yote haya yalitaka jambo moja, nalo ni kujua kona inakuja. Jabali jeusi lilipotokea nilikuwa nimekwisha punguza. Kwenye mfereji nilijua mawe yamepangwa wapi. Kwenye fighi nilijua njia itakwepa kulia ingawa macho yaliona nafasi mbele. Mtu angetutazama kutoka ng'ambo ya bonde angesema wale ni hodari wa kuteremka, kumbe uhodari wote ulikuwa wa asubuhi, wakati wa kusukuma.

Kuna habari ya breki ambayo fundi aliipenda sana. Huko Marekani, kwenye milima ya Marin karibu na San Francisco, vijana walianza mwaka 1976 kushindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli nzito za kizamani. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, unakanyaga pedali kinyume ili kusimama. Ukifika chini, habu imepata moto hadi grisi imeyeyuka na kutoka moshi, na lazima uifungue uijaze grisi nyingine kabla ya kurudia. Kutokana na mashindano hayo na ya wenzao, akina Joe Breeze na Gary Fisher walianza kuunda baiskeli zilizofaa kazi hiyo, na kufikia 1996 mbio za baiskeli za milimani zikaingia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Fundi alifurahi kwamba mchezo mzima ulianza na watu waliokuwa na mikono michafu kama yake.

Ule moshi una hesabu yake. Chukua mtu na baiskeli, jumla kilo 90, washuke mita 550 zilizo kati ya Wundanyi na Mwatate. Nguvu ya mporomoko huo ni lazima iende mahali. Ukiiacha, inakuwa kasi. Ukiizuia, inakuwa joto kwenye raba na rimu, na ikizuiwa yote, joto lake linatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya chai. Ndiyo maana anayebana breki bila kuachia tangu juu hadi chini hufika na raba zilizolainika, wakati anayezijua kona hubana mahali pachache na kuachia upepo umpozee rimu kwingine.

Habari nyingine ilihusu nyumbani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifundishwa ujanani na David Kinjah, ambaye ngome yake iko upande wa Kikuyu na ambaye amelea vijana wengi kupitia kundi la Safari Simbaz. Froome alishinda Tour de France mara nne, kuanzia 2013. Mwaka 2016 alishinda hatua moja kwa kuwatoroka wenzake kileleni mwa Peyresourde, milima ya Pyrenees, akateremka peke yake hadi mjini Luchon. Watazamaji walistaajabu jinsi alivyojikunja juu ya fremu kama tandiko halikuwepo. Fundi alikuwa na video hiyo kwenye simu, na kila aliyeketi kibandani aliionyeshwa, akipenda asipende. Alisema kijana aliyezoea njia za vumbi zenye mbuzi na watoto wa shule hawezi kuogopa lami iliyofungiwa magari.

Mbuzi na watoto wa shule walikuwepo kwetu pia, na juu yao fundi alikuwa na sheria ya pili: anayepanda hampishi mtu. Ukimwona mtu anakuja juu, wewe unayeshuka unasimama, unashuka kwenye baiskeli, unajibana upande wa bonde, unasalimu. Yule ameitolea njia jasho. Wewe mlima unakubeba bure. Nilikuja kuona kwamba sheria hii ndiyo iliyotufanya tukaribishwe. Baada ya muda watu walituonyesha vijia vingine, na nyumba moja karibu na Dembwa ilitupa kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, ambacho ukikila unapata sababu nyingine ya kutokuwa na haraka.

Kisha kikaja kijia kilichokufa. Kilikuwa na kona tatu zilizofuatana kwenye ubavu mkali, na waliokuwa na haraka wakaanza kuzikata katikati: kwanza miguu, halafu pikipiki za bodaboda, na baadhi ya waendesha baiskeli waliopenda mnyooko ule kwa sababu ulisisimua. Wakati wa kiangazi ilionekana faida tupu. Kisha mvua za vuli zikanyesha. Maji yaliyokuwa yakitolewa pembeni kwenye kila kona sasa yalipata mfereji mmoja ulionyooka hadi chini. Maji yanayoshuka moja kwa moja huongeza kasi, na kasi ikiongezeka kidogo, uwezo wake wa kuchukua udongo huongezeka sana. Msimu mmoja ulichimba handaki la kufika goti, uliofuata la kufika kiunoni. Ukingo wa shamba la jirani ukaporomoka na mahindi yake. Hatimaye hakuna aliyeweza kupita, si kwa miguu, si kwa pikipiki, na watu wakatengeneza njia mpya mbali zaidi, yenye kona nyingi kuliko ile ya kwanza.

Tangu hapo siangalii korongo bila kujiuliza kama ni la mlima au ni la mtu. Milima hii ni ncha ya kaskazini ya safu ya Tao la Mashariki, inayoanzia Tanzania, na misitu yake ya asili imebaki vipande vipande: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo. Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo cha utafiti Wundanyi tangu 2011, kimelinganisha picha za angani za miaka tofauti na kuonyesha kwamba karibu nusu ya msitu wa asili ilitoweka kati ya 1955 na 2004. Ubavu usio na miti hauna wa kuyashika maji. Hapo kila kona ya kijia inakuwa kama mti uliobaki, na kuikata ni kuendelea kufyeka.

Ningeishia hapo ningekuwa nimehubiri kwamba kila cha kale kiachwe kilivyo, na fundi asingekubali. Juu kidogo ya Mwatate palikuwa na njia iliyozunguka mraba mtupu wa nyasi, pembe nne zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba. Tuliuliza. Mzee mmoja akatuambia palikuwa na ua wa waya, na alipokuwa mtoto walikatazwa kuukaribia. Waya uliondolewa, nguzo zikawa kuni, mwenye ua hayupo na aliyemrithi hajali. Watu waliendelea kuzunguka kwa mazoea. Fundi alilitazama eneo: tambarare, hapana maji, hapana fighi, hapana shamba. Akamwomba mzee ruhusa, akapita katikati. Nafikiri mwaka ule ule kila mtu alikuwa anapita katikati.

Kwa hiyo kona nyingine ni hekima na nyingine ni ua wa mtu aliyekwisha ondoka. Kwa kuzitazama tu huwezi kuzitofautisha, maana zote ni njia iliyopinda. Kinachozitofautisha ni swali, na swali lina watu wake: waliopita hapo wakiwa na mzigo kichwani, hasa wakati wa mvua.

Somo hili nimelitumia mahali ambapo hakuna hata baiskeli. Nilipokuwa kwenye kamati ya maji ya kijiji kimoja, tuliletewa mchoro wa bomba lililonyooka kutoka kwenye chanzo hadi tangini, fupi na rahisi kwa bei. Mfereji wa zamani ulikuwa umezunguka mbali. Nikaomba tuupande mlima pamoja na wazee kabla ya kutia sahihi. Mmoja akatuonyesha ubavu ambao mchoro uliupita: udongo wake huteleza masika yakiwa makubwa, na mfereji ulihamishwa baada ya kubebwa. Bomba likalazwa kwenye mzunguko. Gharama iliongezeka, na kelele zikawepo. Masika yaliyofuata ubavu ule uliteremka kidogo, bomba likabaki mahali pake, na kelele zikahamia kwenye mambo mengine, kama ilivyo kawaida ya kamati.

Kazini vilevile, ofisi mpya ina kona zake: fomu inayosainiwa mara mbili, kikao kinachoonekana hakina kazi, karani mzee ambaye lazima kila faili lipite kwake. Kijana mwenye nguvu huingia na panga. Mimi hupendekeza kwanza apande kwa miguu: alifuate faili moja mwenyewe, dawati hadi dawati, na kila linaposimama aulize kwa nini linasimama hapo. Mara nyingine atakuta jabali na maji chini yake. Mara nyingine atakuta ua ambao waya wake uliuzwa zamani, na hapo akate bila woga.

Vijana wa Voi siku hizi wanazo baiskeli nzuri kuliko zetu, zenye breki za diski na springi mbele, na kuna wanaopanda milimani wikendi kutafuta mteremko mkali zaidi. Nawaunga mkono, na wakiniuliza niwape njia huwapa. Ninawaomba mambo matatu tu: waisukume baiskeli hadi juu mara ya kwanza, wampishe kila anayepanda, na wasikate kona ambayo hawajaiulizia. Wao watarudi Voi jioni. Atakayebaki na njia waliyoiharibu ni mama mwenye kuni, na yeye hana njia ya pili ya kupandia kesho.